Inhela haizoeshi mapafu, jamani

Wiki hii tu wagonjwa wangu wa COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu ambao njia za hewa zinabana, wameniambia mara nne, "daktari inhela (kile kichupa cha kuvutia dawa ya kifua) nimeiacha, nasikia ukiizoea mapafu yanalegea". Wa mwisho mama mmoja wa Tandahimba, kaletwa midomo imeshageuka rangi, na inhela ipo kwenye pochi haijaguswa!

Haizoeshi. Mnachanganya dawa mbili. Salbutamol inafungua njia ya hewa ndani ya dakika chache, inakaa masaa 4 mpaka 6 basi. Ile ya muda mrefu inakaa masaa 12 au 24, kazi yake kuzuia, kwa hiyo unaivuta kila siku hata ukijisikia mzima kabisa. Ukiona salbutamol unaitafuta kila saa ujue ugonjwa haujatulia, sio kwamba umekuwa teja. Wale mnaosema "ana bahati, hashikwi", wengi wao nikiwauliza hawaruki dozi hata siku moja. Wapo kweli ambao ugonjwa wao wenyewe ni mkali, na aliyezidiwa mwaka jana ndo yupo hatarini zaidi kuzidiwa tena, ndo maana huwa nauliza sana hilo.

Halafu mnavyovuta! Wengi mnapuliza ulimini tu kama marashi. Tikisa, toa pumzi, bonyeza huku unavuta taratibu, shikilia kama sekunde 10. Mkono na pumzi haviendi pamoja? Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la kubana mdomo wa inhela, puliza humo uvutie upande wa kifuniko. Mimi kila mgonjwa namwambia aje nayo nimwone akivuta, na kama dawa ina steroidi, ile ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, usukutue mdomo ukishavuta.

"Sijawahi kuvuta sigara, hauwezi kuwa huo ugonjwa wa COPD." Unaweza, moshi wa kuni wa miaka na TB ya zamani vinaharibu mapafu vilevile.

"Salfa ni dawa ya mikorosho, haina shida." Inaua ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, sawa, lakini vumbi lake linachoma njia ya hewa. Mwenye kifua asishike bomba, apulize kijana mwingine na wewe ukae mbali upepo usikokwenda.

"Ukitembea kifua kinaisha." Kinyume chake, anayekaa tu kitandani misuli inaisha nguvu anahema zaidi, tembea kila siku hata mpaka kwa jirani na kurudi.

Na makohozi yakiongezeka au yakigeuka rangi huku unahema kuliko kawaida, usisubiri mnada wa korosho ndo upate nauli, njoo siku hiyohiyo.