Muziki kwa Mstari wa Amri: Njia ya Mwanamuziki Asiyeona

Kijana mmoja mpiga gitaa alikuja kwenye mafunzo yetu na nyimbo zake kwenye flashi. Alikuwa amezirekodi vizuri, lakini kila alipotaka kupunguza gitaa kidogo ili sauti ya mwimbaji isikike, ilimbidi amsubiri binamu yake arudi kutoka kazini amshikie mausi. Programu aliyoitumia huchora mawimbi ya sauti na vitufe vya kuzungusha kama picha, na kisoma skrini chake, yaani programu inayomsomea kwa sauti maandishi ya kompyuta, kilipofika hapo kilinyamaza. Sikio lake halikuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa picha zisizo na maneno.

Ndiyo maana huwa tunaanza na Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kwenye mstari wa amri. Hapo kila kitu ni maandishi: unaandika amri, kompyuta inajibu kwa maneno, na kisoma skrini kama Speakup kinasoma yote. Injini ya usemi ya espeak-ng hutamka hata Kiswahili. Anayesoma kwa vidole anaunganisha kifaa chake cha nukta nundu kupitia programu ya BRLTTY. Programu hizi zote ni huria, hazilipiwi. Hata kusakinisha mfumo hakuhitaji macho ya jirani: kwenye Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ukisikia mlio wa mwanzo, bonyeza herufi s kisha Enter, na kompyuta itaanza kuongea.

Jambo la kwanza ambalo wanafunzi wetu hukosea ni sauti ya kisoma skrini kuingia kwenye rekodi. Unaimba ubeti wa pili, na nyuma yako kuna mtu anatangaza jina la faili. Vaa hedifoni, na ukiweza nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, moja ibaki kwa ajili ya usemi na nyingine kwa muziki. Amri ya arecord -l itakutajia vifaa vya kurekodia pamoja na namba zake. Kama kadi ya muziki ni namba 1, andika:

arecord -D plughw:1,0 -f cd sauti.wav

Hapo unarekodi kwa kiwango cha CD, yaani biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Ctrl na C husimamisha.

Wenye macho hutazama taa nyekundu kujua kama maikrofoni imezidiwa. Sisi tunauliza. Tunatumia SoX, programu ya kuchakata sauti kwa amri: sox sauti.wav -n stat hurudisha orodha ya namba. Tafuta mstari wa Maximum amplitude. Ukisomewa 0.6 au 0.7, uko salama. Ukisomewa namba inayokaribia kabisa 1, kama 0.9999, huenda sauti imepasuka, rudia kurekodi. Binafsi naiamini namba hii kuliko taa.

Sasa turudi kwa yule kijana. Kazi iliyomfanya amsubiri binamu ni hii tu:

sox -m -v 0.5 gitaa.wav -v 0.5 sauti.wav wimbo.wav norm -1

Hapo -m huchanganya rekodi, namba baada ya -v ni ukubwa wa sauti ya kila moja, na norm -1 hupandisha wimbo mzima karibu na kilele. Alisikiliza kwa play wimbo.wav. Gitaa bado lilifunika. Alibonyeza mshale wa juu, amri yake ikarudi, akaibadilisha 0.5 ya gitaa ikawa 0.3, Enter. Akasikiliza tena. Akarudi mara nne, mara tano, mpaka akaridhika, na hakuna aliyegusa kibodi isipokuwa yeye. Tulimkumbusha jambo moja tu: kisoma skrini kiwekwe kisome alama zote, maana nukta au kistari kikikupita, amri haifanyi kazi na hujui kwa nini.

SoX haifai kwa kupiga ala moja huku ukisikiliza nyingine kwa kwenda sambamba. Kazi hiyo iachie programu ya Ecasound, au Nama iliyojengwa juu yake.

Kutunga nako kunawezekana kwa herufi. Louis Braille, ambaye mwenyewe alipiga kinanda makanisani Paris, aliuweka muziki ndani ya nukta nundu tangu chapisho lake la 1829. Mfumo wa ABC, unaoandika noti kwa herufi za kawaida, uko karibu na fikra hiyo: CDEF GABc ni oktavu nzima, c2 ni noti ndefu mara mbili, z ni kimya. Angalia hapo kwamba C kubwa na c ndogo zimeachana kwa oktavu, kwa hiyo weka kisoma skrini kipandishe sauti kwenye herufi kubwa. Kisha programu ya abc2midi hugeuza maandishi kuwa MIDI, yaani faili la noti ambalo kompyuta inaweza kulipiga, na programu ya TiMidity hulipiga.

Amri zikikukaa sawa, zihifadhi kwenye faili moja, tuseme wimbo.sh. Mwenzako wa mji mwingine ukimtumia faili hilo pamoja na rekodi zako, ataliendesha kwenye kompyuta yake na kupata mchanganyiko uleule, na akitaka ngoma ipande, atajua ni namba ipi ya kubadilisha.