Laktosi kwenye bia nyeusi: utamu ambao hamira haiugusi

Mara ya kwanza nilipotaka bia nyeusi yenye utamu, nilitia nusu kilo ya sukari ya kawaida kwenye ndoo ya lita 20. Wiki mbili baadaye nikaonja: kali, nyepesi, utamu hakuna. Hamira ilikuwa imeila sukari yote na kunirudishia kileo.

Laktosi, yaani sukari ya maziwa, ni habari nyingine. Hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo inabaki kwenye bia mpaka siku ya kunywa. Maziwa ya kwenye kibuyu huganda na kuwa machachu kwa sababu bakteria wake wanaila laktosi na kuigeuza asidi, hamira haiwezi. Ndiyo maana usafi wa ndoo na chupa ni jambo la kwanza: baadhi ya bakteria na hamira za mwituni wanaiweza, wakiingia bia huchacha upya na chupa kupasuka.

Waingereza wa kiwanda cha Mackeson, mjini Hythe, walianza kuuza bia hii mwaka 1907. Huitwa ya maziwa, lakini maziwa yenyewe hayamo. Msitie maziwa ya unga, tafadhali. Mafuta yake yanaua povu.

Utamu wa laktosi ni takribani moja ya sita tu ya ule wa sukari ya mezani. Kinachobadilika zaidi ni uzito mdomoni: ukali wa shayiri iliyokaangwa unalainika, bia inapita kooni kama uji wa ulezi ulioiva sawasawa.

Wengi huitia dakika 10 za mwisho za kuchemsha. Inafaa, ila kipimo cha uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji, ambacho hushuka kadiri hamira inavyokula sukari, kwa lita 20 zenye gramu 400 kitasimama kwenye 1.022 badala ya 1.014, na mgeni wa kazi hii atadhani hamira imekwama, aongeze nyingine bure. Mimi huitia siku ya kujaza chupa, uchachukaji ukiwa umekwisha kabisa. Nayeyusha gramu 100 kwa maji ya moto hadi nipate mililita 300, yaani gramu 1 kwa kila mililita 3. Napanga glasi nne, kila moja robo lita ya bia: ya kwanza tupu, nyingine mililita 9, 15 na 21 za maji yale. Naonja bia ikiwa baridi, maana joto la Mwanza hudanganya ulimi. Karibu kila mara naishia glasi ya tatu: gramu 5 kwa robo lita, sawa na gramu 400 kwa ndoo nzima.

Faida nyingine ya kusubiri: watu wazima wengi huku kwetu laktosi huwajaza tumbo gesi au kuwaharisha. Jirani yangu hapa Bwiru hunywa chai ya rangi tu kwa sababu hiyo, basi najaza kwanza chupa zake sita kabla ya kutia laktosi, na vizibo vyake navitia alama ya wino mwekundu.