Hita ya gesi ya kupasha maji isiyowaka: dhana potofu na ukweli wake

“Hita haiwaki, gesi imekwisha.” Kauli hii husikika sana Moshi kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa baridi, na imewafanya watu wengi kurudisha dukani mitungi ambayo bado ina gesi. Ukweli ni kwamba hita ya papo kwa papo, yaani inayopasha maji yakiwa yanapita, haianzi na gesi, huanza na maji: yakipita kwa nguvu ya kutosha husukuma kiwambo cha mpira, kiwambo hubonyeza swichi ndogo, swichi huamsha cheche, na ndipo vali ya gesi hufunguka. Ukifungua bomba usisikie ile “ta-ta-ta” ya cheche, uache mtungi kwanza, ukague betri na maji.

Katika nyumba moja ya Rau nilikuta mtungi wa kilo 15 uliofungwa juzi yake, mwenye nyumba akilalamika kwamba ameuziwa mtungi mtupu. Nilipofungua chujio dogo pale maji yanapoingilia, lilitoka limejaa tope jekundu na vipande vya kutu, kama ilivyo kawaida maji yakirudi baada ya mgao. Nililisugua kwa mswaki, na hita ikawaka kwa bomba la chini la kukingia ndoo, lakini si kwa bomba la mvua. Tangi lilizidi kimo cha bomba la mvua kwa mita moja tu, na kila mita hutoa takribani baa 0.1 za msukumo wa maji, ilhali ubavuni mwa hita paliandikwa kwamba inahitaji angalau baa 0.2. Dawa ilikuwa kuinua jukwaa la tangi.

Wengine huamini kwamba cheche zikisikika, betri ni nzima. Sivyo. Betri mbili zilizochoka huweza kutoa cheche, lakini zikashindwa kuishikilia wazi vali ya sumaku, hivyo gesi haipiti. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Hoja ya kwamba “jiko linawaka, basi gesi inatosha” nayo hudanganya. Hita ya kilowati 20 hula takribani kilo 1.5 za gesi kwa saa, mara kadhaa zaidi ya plate moja ya jiko. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kugeuza gesi ya maji, yaani gesi iliyo kimiminika mtungini, kuwa mvuke kwa kasi hiyo: hupoa, hutoa jasho ubavuni, na moto hufifia wakati wewe una povu kichwani. Kuulaza mtungi ili “gesi isogee” ni hatari, kwa kuwa gesi ya maji huingia kwenye regulata.

Dhana mbaya kuliko zote ni ile ya kwamba moto ukizimika wenyewe baada ya dakika chache, kihisio, yaani kifaa cha usalama kinachozima moto, kimeharibika na kirukwe kwa kuunganisha waya. Huenda kweli kimeshika masizi, na kukisafisha ni halali. Lakini mara nyingi kinazima moto kwa sababu hewa ya chumbani imechoka au bomba la moshi limeziba, kwa mfano na kiota cha ndege. Ukikiruka, hita itaendelea kuwaka huku ikitoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje ifungwe nje ya bafu, hata kama fundi anadai dirisha dogo la juu linatosha.