Mkaa wa vifuu vya nazi: yanayosemwa na yalivyo

Ukipita panapokamuliwa mafuta ya nazi, iwe Kilifi, Tanga au Mafia, hukosi kuona lundo la vifuu uani. Na siku hizi penye lundo hapakosi kijana mwenye simu aliyeona video: vifuu hivi ni mali, tengeneza mkaa ulioamilishwa, yaani ule wenye vitundu vinavyonasa uchafu na hata dhahabu, uwauzie wachenjuaji wa dhahabu na wenye vichujio vya maji. Habari yenyewe ina ukweli. Yanayoambatana nayo ndiyo yanayokula pesa za watu.

"Mkaa wa vifuu ukisagwa laini, ndio huo huo."

Sio huo. Kifuu kikichomwa kwa hewa kidogo, ndani ya pipa lililofunikwa au shimoni, maji na lami hutoka, mkaa ukabaki. Mkaa huo una vitundu, ila vingi vimezibwa na masalia ya lami na vingine havijafunguka. Kuamilisha ndiko kuvifungua. Viwandani kazi hiyo hufanywa na mvuke: mkaa hupashwa moto hadi nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, hewa imezuiwa, kisha mvuke wa maji unapitishwa. Kwenye joto hilo mvuke huula mkaa wenyewe kidogo kidogo, na kila ulipong'ata hubaki kitundu, vingi vikiwa na upana usiofika nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Mnunuzi analipia vitundu hivyo. Gramu 1 ya mkaa mzuri wa vifuu ina uso wa ndani wa takriban mita za mraba 1,000. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Basi chota kijiko kimoja cha chakula, gramu saba hivi: ungeweza kukikunjua chote, kingetandika uwanja mzima. Kusaga peke yake kunakupa vumbi.

"Loweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha, anika, tayari."

Hili limesambaa mno mtandaoni, na naona lilikotoka. Ipo kweli njia ya kemikali: maganda hulowekwa katika asidi ya fosforiki au kloridi ya zinki, halafu yakapikwa tanurini kwa nyuzi 400 hadi 700, kisha yakaoshwa tena na tena mpaka kemikali iishe. Aliyefupisha maelezo akaacha tanuri, akaweka ndimu. Asidi ya ndimu huvunjika kabla joto halijafika nyuzi 200. Na wanaofuata mapishi haya hawapiki chochote, wanaanika juani. Ndimu itaosha jivu kidogo, basi. Ni afadhali ukaikamulia samaki.

"Pipa la mafuta linatosha."

Kwa mkaa, ndiyo, tena mkaa mzuri. Kwa kuamilisha, hapana. Bati la pipa likikaa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi linabanduka magamba na kutoboka, na hewa ikiingia unabaki na jivu. Isitoshe, mvuke unapoula mkaa hutoa haidrojeni inayolipuka na kaboni monoksidi isiyo na harufu, inayoua. Hii si kazi ya kufanyia bandani nyuma ya nyumba.

"Vifuu ni taka, malighafi ni ya bure."

Muulize mama lishe wa pwani kama vifuu ni taka. Vinawaka moto mkali, na vingine vilishageuka upawa. Siku utakapoanza kununua, vitakuwa na bei. Halafu piga hesabu: kilo 100 za vifuu vikavu hutoa mkaa kilo 25 hadi 30, na ukishauamilisha unabaki na theluthi hadi nusu yake tu, kwa sababu mvuke umeula. Kilo moja ya bidhaa inaweza kumeza vifuu vya nazi sitini, hata mia. Na ziwe nazi zilizokomaa. Kifuu cha dafu ni laini mno. Gharama ya gari la kuzoa vifuu kijiji kwa kijiji imeua mipango mingi kuliko tanuri.

"Ganda lolote linafaa."

Maganda ya makadamia kutoka Murang'a au Embu yanafaa sana, ni magumu kama kifuu. Ya karanga hutoa unga mwepesi, si chembe ngumu. Ya korosho yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Lazima yakamuliwe kwanza. Tena korosho nyingi za Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi, kwa hiyo maganda hupanda meli pamoja nazo.

"Unasafisha maji ya aina yoyote."

Watu hudhani mkaa hunywa uchafu kama sifongo. La, uchafu hunata kwenye kuta za vitundu, kama nzi kwenye utomvu wa fenesi, na si kila kitu hunata. Klorini, harufu, rangi na dawa nyingi za mashambani hunata. Chumvi ya kisima cha pwani haijali. Vijidudu navyo haviuliwi; bakteria huweza hata kuzaliana juu ya mkaa. Floraidi iliyo kwenye maji ya Arusha na Bonde la Ufa haikamatwi ipasavyo na mkaa wa vifuu: huko kinachotumika ni mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arusha. Na mkaa uliojaa hausafishiki kwa kuanikwa. Jua linakausha maji. Kilichonata kinahitaji tanuri tena.

"Aliyekunywa mafuta ya taa mpe mkaa."

Usimpe. Mafuta ya taa hayanati vya kutosha, na akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali. Mkaa wa hospitalini ni kwa baadhi ya sumu tu, na daktari ndiye anayeamua.

"Mchenjuaji atanunua wowote, mradi mweusi."

Atakuuliza kwanza namba ya ayodini, yaani miligramu za ayodini zinazonaswa na gramu 1; mkaa mzuri hupita 900. Kisha ataangalia ugumu. Kaboni, kama wanavyoiita migodini, huzungushwa ndani ya tope lenye sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, chembe zikisuguana saa nyingi huku zikinasa dhahabu. Kaboni laini humomonyoka, na chenga zake hupenya kwenye chekecheo pamoja na dhahabu iliyonaswa, zikaishia bwawa la mabaki. Ndiyo maana kifuu kinapendwa migodini, na ndiyo maana kabla ya kuitia kwenye tangi huoshwa na kuchekechwa, chenga zitoke zikiwa bado hazijabeba kitu.