Diski yako haijapinda

Wiki hii tena. Mteja kashuka kwenye Noah, hata salamu hajamaliza: "Fundi, diski za mbele zimepinda, naomba unichongee, uzinyoe kwa mashine ziwe sawa." Nani kakwambia zimepinda? Fundi wa mwanzo. Alizipima? Hapana, alikanyaga breki barabarani, usukani ukacheza, akatoa hukumu. Naandika hapa ili atakayekuja na wimbo huu tena nimwoneshe simu, nisimalize mate.

Diski ya breki, lile duara linalobanwa na pedi ili gurudumu lisimame, ni chuma cha kumimina. Akiipiga nyundo mtu mwenye hasira inapasuka. Kukunjika kwa sababu umefunga breki mara mbili tatu Morogoro Road, hapana. Kinachotikisa usukani ni unene usio sawa: upande mmoja wa diski umekuwa mnene kuliko mwingine. Sehemu nene ikipita kati ya pedi inasukuma pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, irudi nyuma, sehemu nyembamba ikifika pistoni inarudi mbele, na mguu wako juu ya pedeli unasikia hiyo panda-shuka. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kwa magari mengi. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Kwa hiyo anayekwambia ameiona kwa macho kwamba imepinda, mpe pole.

Huo unene unaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya dereva. Unashuka Kitonga na gia iko D, mguu juu ya breki mlima mzima, unafika chini trafiki anakusimamisha, na wewe unakaa umekanyaga. Pedi ya moto inaacha unga wake umegandia pale pale ilipobana. Ukizivua utaona alama ya umbo la pedi, rangi ya bluu au nyeusi, imekaa kama muhuri. Dawa yake iko mguuni kwako: shuka na gia ya chini, na ukishasimama kwenye tambarare tumia hendibreki.

Ya pili ni yetu mafundi na vijana wa tairi, na hii ndiyo inayoniudhi, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo. Diski ikikaa upande, yaani imeinama, hata kidogo, kwenye habu, kile kitako inapofungwa pamoja na gurudumu, inazunguka huku ikiyumba. Gari likitoka tu gereji linafunga breki vizuri kabisa. Mteja analipa, anashukuru. Lakini kila mzunguko, hata usipokanyaga breki, kile kipande kilichoegemea upande kinaigusa pedi kidogo, mahali pale pale. Baada ya kilomita elfu kadhaa kimeliwa, unene umeshatofautiana, usukani unaanza. Hapo nani atakumbuka kazi iliyofanyika miezi mitano nyuma? Analaumiwa muuza spea wa Kariakoo kwamba kauza diski feki. Diski feki zipo, sikatai. Ila nyingi ninazoletewa zikiitwa feki zilikuwa nzima siku ziliponunuliwa.

Diski inakaaje upande? Vua ya zamani uangalie uso wa habu. Utakuta kutu imeota duara kuzunguka kila stadi, zile boliti za kufungia gurudumu, na fundi mwenye haraka anapachika diski mpya juu yake. Chembe ya kutu yenye unene wa milimita 0.05 upande mmoja wa habu, ukipima kule nje pedi zinapobana imeshakaribia mara mbili, wakati watengenezaji wengi wanataka kuyumba kusizidi hiyo hiyo 0.05. Umefeli kabla hujafunga nati.

Na kwenye kuvua, jamani, acheni nyundo. Diski nyingi za Kijapani zina matundu mawili madogo yenye nyuzi, yasiyopitisha stadi yoyote. Hayakutobolewa kwa urembo. Tia boliti mbili za milimita 8, kaza hii kidogo, ile kidogo, diski inatoka yenyewe. Nyundo inaumiza beringi, na beringi yenye mchezo inakurudisha kwenye kuyumba kule kule. Kisha brashi ya waya na msasa mpaka habu ing'ae. Usipake grisi nyingi ukidhani unaisaidia.

Baada ya hapo ndipo unapima kuyumba. Bana diski kwa nati zote, kila moja na washa yake chini, weka geji ya saa, ile yenye mshale, karibu na ukingo, zungusha taratibu. Kuyumba kukizidi 0.05, weka alama ya chaki, vua, sogeza diski stadi moja mbele, pima tena. Mara nyingi kuna mkao mmoja ambapo makosa ya habu na ya diski yanafutana. Inachukua muda, na hakuna mteja anayetaka kuulipia huo muda, ndiyo maana wengi hawafanyi.

Halafu anakuja kijana wa pancha na bunduki yake ya upepo, kazi yote inaharibika kwa sekunde chache. Nati za Noah, IST au Corolla zinataka nguvu ya kukaza ya 103 Nm, kwa kukatisha msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu hiyo. Bunduki inaikaza moja mpaka ilie, inayofuata inaishia njiani, na diski inavutwa upande. Kama huna spana hiyo, kaza kwa mkono na spana ya gurudumu, kidogo kidogo, zote zilingane. Si kipimo, lakini ni nafuu mara kumi.

Unene pima kwa maikromita, sehemu sita au nane za mzunguko. Venia inadanganya, meno yake yanakaa juu ya ule ukingo wa kutu pedi isikofika, unasoma milimita 27 kumbe diski iko 25 na kitu. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH na namba. Ikishuka chini yake ni chuma chakavu, na hilo linahusu pia mtumba wa Japani unaouziwa kwa sifa.

Sasa kuchonga. Sina ugomvi na mchongaji mwenye mashine nzuri, ila ukichonga kisha ukarudisha diski kwenye habu yenye kutu hujafanya kitu. Na kuna gari zinazochongwa sawasawa, habu safi, vipimo safi, halafu mtetemo unarudi. Vitabu vinasema joto kali limebadilisha chuma chini ya ile alama ya pedi, kikawa kigumu, kwa hiyo hakiliwi sawa na jirani yake. Joto hilo ni nyuzi 700 hivi. Kwa gari la mlimani naamini. Kwa IST ya kwenda Mbagala na kurudi, sijui, sijashawishika. Kwa sasa ushauri wangu ni kama alama ya bluu ni nzito, nunua mpya, pande zote mbili, na pedi zake.

Mengine haraka. Mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa dawa ya breki au maji na sabuni, usitumie mafuta ya taa. Pini za kalipa zipakwe grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida inavimbisha mpira. Kisha, ili pedi na diski zizoeane, tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Kuhusu wanaosema maji ya dimbwi yanapinda diski ya moto: nimeona nyufa kwenye diski zilizochoshwa na joto, ila dimbwi lililopinda diski bado sijaletewa.

Na kuna gari nimepima kila kitu kikawa ndani ya kiwango na usukani bado unacheza, huku gari la jirani lina tofauti ya unene ya 0.03 na dereva wake hasikii lolote. Hapo naacha breki, natikisa bushi za loa amu, ile mipira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu. Zikiwa zimekufa, kila kitetemeko kidogo kinafika mkononi. Kama bushi nazo ni nzima, niachie gari mpaka kesho.