Je, wajua? Mimba haisubiri hedhi irudi

"Sijaona siku zangu tangu nijifungue, mimba itatoka wapi?" Wakunga wa Wete na Mkoani, kisiwani Pemba, wanalijua swali hili, na wakati mwingine muulizaji keshakuwa na tumbo la miezi mitatu.

Jibu limo katika mpangilio wa mwili. Yai hutangulia, hedhi hufuata. Yai likitoka lisikutane na mbegu, ndipo damu huja baada ya kiasi cha wiki mbili. Kwa hiyo hedhi ya kwanza baada ya uzazi mara nyingi ni habari ya yai lililokwisha pita. Likikutana na mbegu, damu haiji kabisa, na mama anaendelea kusema "bado sijaona".

Na arubaini je? Huku kwetu mzazi hukaa ndani, akakandwa kwa maji moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka siku zitimie. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Visiwani, nifasi, yaani damu ya uzazi, kwa kawaida ni siku 40 na haizidi 60. Hiyo ni hesabu ya damu na ibada. Yai halina habari nayo. Kwa asiyenyonyesha laweza kutoka hata wiki ya nne, ndiyo maana madaktari humshauri awe na kinga kuanzia siku ya 21. Akitoka arubaini na kurudi chumbani kwa mumewe, hana siku hata moja ya akiba.

Anayenyonyesha ana nafuu, lakini nafuu hiyo ina masharti. Mtoto anapovuta ziwa, ubongo wa mama hupunguza ishara zinazopevusha yai. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba kunyonyesha kunakinga kwa asilimia 98 hivi iwapo mtoto hajatimiza miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto anategemea ziwa la mama usiku na mchana. Moja likivunjika, kinga imeondoka.

Hapa ndipo mshauri hodari anapojulikana. Akiuliza "Unanyonyesha?" atajibiwa "Ndiyo", na hajapata kitu. Aulize hivi:

"Mwanangu, maji humpi?"

"Namwonjesha tu, bibi. Joto hili!"

"Na usiku?"

"Usiku analala na nyanya yake, nami nipumzike."

Basi kinga imekwisha, na mama hajui. Tena aulize mbali na masikio ya mkwe, maana mbele yake kila jibu litakuwa zuri. Na akiambiwa mume yuko dago, kambi ya wavuvi, aulize anarudi lini.

Njia zenyewe za kujikinga na mimba zipo. Kitanzi huweza kuwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, vinginevyo husubiri wiki nne. Vijiti vya mkononi huweza kuwekwa hata kabla mama hajatoka hospitali. Sindano ya miezi mitatu, kwa anayenyonyesha, hungoja wiki sita. Vidonge vya homoni mbili ndivyo vya kuchelewesha hadi miezi sita, kwani huweza kupunguza maziwa.

Anayeona haya kwa sababu ya dini aambiwe kwamba Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri miezi 24 ipite kabla ya kubeba mimba nyingine.

Mazungumzo haya, kwa maoni yangu, yaanze mimba ikiwa bado tumboni, kliniki, mama akiwa na nafasi ya kufikiri na kumshirikisha mumewe. Wengi huyasikia mara ya kwanza wanapompeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita. Wiki ya sita ni siku ya 42. Arubaini imetoka juzi.