Pampu haiushushi msukumo wa neva

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha mtihani wa mwaka wa kwanza. Swali la tatu lilikuwa fupi: eleza jinsi volteji ya utando, yaani tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli, inavyorudi chini baada ya kilele cha msukumo wa neva. Karatasi ya kwanza ilijibu kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu huitoa sodiamu nje, huirudisha potasiamu ndani, na seli ikatulia. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Nilipofika ya kumi na moja nikaweka kalamu chini.

Ilikuwa karatasi nzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Mchoro umepigwa kwa rula, mishale ya rangi mbili, sodiamu tatu zinatoka, potasiamu mbili zinaingia, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo safi. Kila kitu kuhusu pampu kilikuwa sahihi, ila pampu yenyewe ilikuwa imechorwa kwenye mteremko wa msukumo, mahali ambapo haina kazi ya maana. Mwanafunzi wa namna hii si mvivu. Amesoma, amekariri, na kuna mahali amefundishwa hivyo. Nimelisikia jambo hili kwa wanafunzi, kwa walimu wa sekondari, na mara moja kwa daktari aliyekuwa akitoa mhadhara mbele yangu. Sasa naliandika.

Jibu lenyewe halichukui aya nzima. Msukumo hupanda pale milango ya sodiamu, yaani matundu ya utando yanayopitisha ioni, inapofunguka na sodiamu ikaingia. Volteji ikifika juu, milango ya sodiamu hujifunga yenyewe hata kama utando bado uko chanya, na milango ya potasiamu, ambayo huchelewa kufunguka, sasa imefunguka. Potasiamu inatoka yenyewe kwa kuwa ndani ni nyingi kuliko nje, inaondoka na chaji chanya, ndani kunarudi kuwa hasi. Volteji hupitiliza kidogo chini ya ile ya mapumziko kwa sababu milango hiyo ya potasiamu ni mizito kufunga kama ilivyokuwa mizito kufungua. Hakuna ATP inayotumika kushusha. Hodgkin na Huxley walilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1952, wakitumia aksoni kubwa ya ngisi, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, na katika milinganyo yao ya msukumo hakuna pampu.

Kwanza angalia muda. Msukumo mzima huchukua milisekunde moja au mbili. Pampu moja, ikiwa katika joto la mwili na inafanya kazi kwa bidii, huzunguka mara 100 hadi 200 kwa sekunde. Maana yake mzunguko mmoja unahitaji milisekunde 5 hadi 10. Msukumo umepanda, umeshuka, umekwisha, na pampu iliyoanza nao bado haijamaliza mzunguko wake wa kwanza wa kutoa ioni tatu. Mlango mmoja uliofunguka, katika milisekunde hiyo hiyo, hupitisha maelfu ya ioni. Ukiniuliza nani alishusha volteji kati ya hao wawili, sioni la kubishania.

Lakini muda peke yake hauwashawishi wanafunzi, na nadhani najua kwa nini. Kichwani mwao kuna picha: sodiamu imeingia kwa wingi, seli imejaa sodiamu, potasiamu imemwagika nje, kila kitu kiko mahali pasipo pake. Ukiamini hivyo, lazima utafute mtu wa kufanya usafi kabla ya msukumo unaofuata, na pampu ndiyo pekee unayoijua. Picha hiyo inatoka kwenye michoro ya vitabu, ambapo nukta kumi za rangi ya samawati ziko nje, kisha kwenye mchoro wa pili saba kati yake ziko ndani. Mchoraji alitaka tu kuonyesha upande wa mwendo. Msomaji amechukua idadi.

Nilimwita mwenye karatasi ya kumi na moja ofisini, nikampa kikokotoo na namba nne. Seli ya mviringo yenye kipenyo cha mikromita 20. Utando wenye uwezo wa kushika chaji wa mikrofaradi 1 kwa sentimita mraba, ambao ndio wa karibu kila utando wa kibayolojia. Mabadiliko ya volteji ya milivolti 100. Potasiamu ya ndani, milimola 140 kwa lita. Nikamwuliza: ni ioni ngapi lazima zivuke utando ili volteji ibadilike kiasi hicho, na ni sehemu gani ya potasiamu yote iliyomo ndani?

Alifanya polepole, akiandika kila hatua. Karibu ioni 6,200 kwa kila mikromita mraba. Eneo la seli, mikromita mraba 1,257. Jumla, ioni kama milioni 7.8. Kisha akahesabu potasiamu iliyomo ndani, akapata bilioni 353. Akagawanya. Akafuta, akagawanya tena.

"Moja kati ya 45,000?"

Ndiyo. Volteji imetoka hasi ikawa chanya, na ukolezi, yaani wingi wa ioni katika ujazo, haujabadilika kiasi ambacho chombo cha kawaida cha maabara kingeweza kuona. Chaji inayoamua volteji imelala kwenye ngozi nyembamba kabisa ya utando, pande zote mbili, na kuibadilisha kunahitaji ioni chache mno. Ukolezi ni suala la seli nzima. Anayechanganya vitu hivi viwili atakuwa na shida na kila somo linalofuata, kuanzia sinepsi, pale seli za neva zinapokutana, hadi moyo, na ndiyo maana silichukulii kama kosa dogo la neno.

Alinyamaza kidogo akauliza swali zuri kuliko langu la mtihani: "Sasa mwalimu, pampu inafanya kazi lini?"

Muda wote. Inafanya kazi kabla ya msukumo, wakati wa msukumo na baada yake, na haijui kwamba kuna msukumo isipokuwa kwa sodiamu inayoongezeka ndani kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinavuja bila kukoma. Pampu ndiyo iliyoweka tofauti ya ukolezi ambayo milango inaitumia. Simu haizimiki pale unapochomoa chaja, lakini hakuna anayesema chaja haina kazi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Pampu hizi ndizo mlaji mkubwa kuliko wote humo.

Kwamba msukumo hauitegemei pampu papo hapo kulipimwa hata kabla kimeng'enya ambacho ndicho pampu hakijajulikana. Mwaka 1955 Hodgkin na Keynes waliziwekea aksoni za ngisi na dome sumu zinazokata nishati, sianidi ikiwemo. Utoaji wa sodiamu ulianguka, aksoni zikaendelea kupitisha misukumo. Miaka miwili baadaye Skou akaitambua pampu yenyewe kwenye neva za kaa, kazi iliyompa Nobeli ya kemia mwaka 1997. Mimi nililiona kwa macho siku mpira wa oksijeni ulipochomoka kwenye chombo changu cha vipande vya ubongo. Sikujua. Seli niliyokuwa nimeishika kwa elektrodi iliendelea kufyatua kwa dakika kadhaa, misukumo yenye umbo lile lile, mteremko ule ule. Kilichonishtua ni volteji ya mapumziko, ambayo ilianza kupanda taratibu kama maji kwenye ngazi. Pampu ikinyimwa nishati, hivyo ndivyo seli inavyokufa.

Kuna kosa la ndugu yake, nalipita haraka: kwamba uwiano wa 3 kwa 2 ndio unaotengeneza milivolti hasi 70 za mapumziko. Uwiano huo huchangia moja kwa moja milivolti chache tu. Sehemu kubwa ni potasiamu inayovuja kupitia milango iliyo wazi hata seli ikiwa imetulia, ikiuvuta utando kuelekea hasi 90. Na hizo 70 zenyewe msizikariri kama Katiba. Seli za kupokea mwanga za jicho, zikiwa gizani, zinakaa karibu na hasi 40.

Sasa yale ambayo mhadhara wangu mwenyewe umekuwa ukiyaficha. Nimesema milango ya potasiamu inayochelewa ndiyo inayoshusha volteji. Kwa ngisi, sawa. Katika vifundo vya Ranvier vya neva za sungura, yale mapengo kwenye ala inayofunika aksoni, milango ya aina hiyo ni haba sana, na msukumo hushuka kwa kufungwa kwa ile ya sodiamu na kwa potasiamu inayotoka kwenye milango iliyo wazi muda wote. Tunafundisha ngisi kana kwamba ni mnyama wa jumla. Pia, ioni milioni 7.8 ni kiwango cha chini kabisa. Sodiamu huendelea kuingia wakati potasiamu imeshaanza kutoka, kwa hiyo kiasi halisi huzidi. Kwa miaka mingi tulizidisha mara 4 tukifuata ngisi, hadi vipimo vya mwaka 2009 kwenye nyuzi za hipokampasi, sehemu ya ubongo, ya panya vilipotoa mara 1.3 tu. Na kuna ruba: seli zake za mguso zikifyatua mfululizo kwa muda mrefu, volteji hushuka chini ya mapumziko na kubaki huko, na sehemu kubwa ya mshuko huo ni kazi ya pampu. Huo ni mshuko wa baada ya misukumo mingi, wa sekunde na dakika. Hata hivyo ni pampu inayoonekana kwenye rekodi ya volteji, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa.

Juzi yule mwanafunzi alirudi. Alikuwa amefanya hesabu ile ile kwa aksoni yenye kipenyo cha mikromita 0.2, kama nyuzi sambamba za serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo. Humo utando ni mkubwa mno ukilinganisha na ujazo. Alipata kwamba msukumo mmoja unaongeza sodiamu ya ndani, ikiwa inaanzia milimola 12 kwa lita, kwa zaidi ya asilimia 1.6. Misukumo 60 bila pampu, sodiamu imekuwa maradufu. Akaniuliza kama nilikuwa nimempa seli kubwa makusudi.

Nilimjibu kweli: ndiyo, kwa sababu namba zake ni rahisi, na sikuwahi kufikiria kuwapa ile nyembamba. Ikifyatua mara 50 kwa sekunde, pampu ya aksoni hiyo ina sekunde moja na kidogo ya kuwahi. Mwaka ujao hesabu zote mbili zitakuwa kwenye zoezi la kwanza, ya seli na ya aksoni, kabla sijachora pampu ubaoni.